Mahindi ya Nyuma ya Jiko

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Kathure alifua vitambaa vya altare. Alikuwa na beseni jeupe lisilofanya kazi nyingine yoyote, na kipande cha sabuni kilichokaa peke yake juu ya rafu, mbali na mikono ya wageni. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vya aina mbili: kile cha mraba kinachotandazwa chini ya kikombe na hostia, na vile vyembamba ambavyo padre hupangusia kikombe. Mwanamke yeyote wa Kiirua anajua kufua, lakini hivi vina utaratibu wake. Maji ya kwanza hayatiwi sabuni. Kitambaa hutumbukizwa, kikaachwa kitulie, kikakamuliwa polepole, kwa maana huenda chembe ya Mwili wa Bwana imebaki kwenye mikunjo. Na maji hayo hayamwagwi ovyo kama maji ya vyombo. Yanarudishwa ardhini.

Kanisani palikuwa na sinki dogo la kazi hiyo, lenye bomba la kushuka moja kwa moja mpaka kwenye udongo. Mafundi waliochimba shimo la choo kipya walilikata bomba hilo, na halmashauri ya kanisa ilikuwa bado inalijadili. Padre Gachoki, ambaye alikuwa na makanisa mengi na pikipiki moja, alimwambia Kathure, "Mwaga mahali pasipokanyagwa na mtu." Kisha akavaa kofia yake ngumu akaenda.

Kathure alizunguka boma zima, beseni mkononi, akitafuta mahali pasipokanyagwa na mtu. Asiyewahi kutafuta mahali kama hapo hajui palivyo adimu. Njia ya zizini hukanyagwa, shamba la viazi hukanyagwa, hata chini ya ngazi ya ghala watu hupita. Mwishowe alipata pembe iliyo nyuma ya jiko, kati ya ukuta wa mbao na ua wa kaiyaba, ambapo hata kuku hawakuingia kwa kuogopa miiba. Akamimina hapo. Jumamosi iliyofuata akamimina tena, na nyingine, na nyingine, mpaka ikawa desturi.

Yeye mwenyewe hakuwa akipokea komunyo. Mumewe, Mutegi, alifunga ndoa ujanani katika kanisa hilohilo na mwanamke aitwaye Linda, na Linda alishaenda zake Makutano, ambako ana duka la nguo, mwanamume mwingine, na watoto wa huyo mwingine. Hawakuwa na ugomvi. Sikukuu zikifika Linda hutuma salamu. Lakini kwa kanisa Mutegi alikuwa bado mume wa Linda, na Kathure, aliyemzalia Mutegi binti yao Kinya, akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika, alikuwa mwanamke anayeishi na mume wa mtu. Kesi ya kuomba ndoa ya kwanza ibatilishwe ilipelekwa dayosisi. Ikakaa huko. Watu walipojipanga kwenda kupokea, Kathure alikunja miguu kuwapisha, akabaki kwenye benchi akiwalindia mikoba.

Kazi ya vitambaa ilimjia Kathure pale mama mmoja, Teresia, aliyekuwa akiifanya, alipougua nyonga. Hakukuwa na mwingine aliyeitaka. Sheria ya nani apokee ilijulikana na kila mtu; ya nani afue hakuna aliyekuwa ameitunga.

Kilichomrudisha kanisani kila Jumapili kilikuwa hofu. Si hofu ya fimbo. Ni ile ya mtu aliyefungua mlango wa chumba akidhani hamna mtu, akakuta mna mtu, naye amekaa kimya akimtazama. Kengele ya mageuzo ilipolia na padre kuinua hostia, Kathure hakuthubutu kuiangalia. Aliangalia viwiko vya padre. Vinyweleo vya mikono yake vilisimama, ulimi ukakauka, na moyoni akasema neno moja tu, "Upo." Halafu mikoba ikaanza kuwekwa mapajani mwake.

Mwaka huo mvua za mwezi wa kumi hazikuja. Viazi vilikauka vikiwa na ukubwa wa kokoto. Kabeji zilifunga vichwa vidogo kama ngumi za mtoto. Mutegi, akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu, aliingiza kichwa nyuma ya jiko akakuta udongo mweusi wenye unyevu. Alipanda mahindi siku hiyohiyo.

"Nani amekwambia upande huku?" Kathure alimuuliza jioni.

"Hili ni shamba la baba yangu. Niombe ruhusa kwa nani, kwa kaiyaba?" alisema Mutegi. "Kwani huwa unamwaga nini hapa?"

"Maji."

"Basi mwaga, mama. Usiache."

Kathure angeweza kumweleza. Lakini Mutegi hakuwa amekanyaga kanisani tangu alipoambiwa habari za kesi, na neno lolote la vitambaa lilimtia hasira. Angeweza pia kutafuta pembe nyingine, ila pembe nyingine haikuwapo. Kwa hiyo aliendelea kumwaga palepale, sasa katikati ya mimea, kwa uangalifu, asiloweshe majani.

Mahindi yalikua haraka kuliko desturi ya mahindi. Yalipofika kifuani mwa mtu, Padre Gachoki alikuja kusoma Misa, na Kathure aliporudi nyumbani alimkuta jirani yake, Nelius, akimngoja langoni. Nelius alikuwa wa kanisa jingine, lenye ngoma na vipaza sauti, lakini Jumapili hiyo alibaki nyumbani kwa sababu ya jino.

"Mama Kinya, muga," alisalimu. "Mahindi yako yamepiga magoti."

"Saa ngapi?"

"Kengele yenu ilipolia. Nilikuwa hapa kwenye ua nikianika soksi. Yalikunjika pale chini kwenye kifundo cha kwanza, yote pamoja, kama watu waliofunzwa."

"Yakainuka?"

"Yakainuka. Lile bua la ukutani lilichelewa kidogo, kama mzee." Nelius alijishika shavu. "Una karafuu? Jino linaniua."

Kathure alimpa karafuu. Kisha akaenda nyuma ya jiko. Kwenye kila bua, kifundo cha kwanza kilikuwa na vumbi jekundu, kama goti la mtoto wa shule. Alisimama hapo akiyatazama. Hakushangaa. Aliogopa, na alijua hasa anachoogopa: alikuwa amemmwaga Bwana kwenye udongo, Bwana akapanda kwenye shina, na shina lilikuwa linazaa chakula. Nacho chakula huliwa. Padre alikuwa akisoma kila mwaka yale maneno ya mtume, kwamba anayekula bila kustahili anakula hukumu yake mwenyewe. Hukumu yake, basi, ilikuwa imeanza kutoa mbelewele.

Mahindi yalipokomaa hakukuwa na kingine cha kula. Kidogo walichopata dukani kilipelekwa kwa Kinya, aliyekuwa shule ya bweni. Mutegi alivunja mahindi, akachoma, akala, akajipangusa mdomo. Kathure akanywa chai ya rangi. Alikula majani ya kabeji yaliyochemshwa na chumvi, na siku nyingine hakula. Sketi yake ya Jumapili ikaanza kuteremka. Akaibana kwa pini.

"Kula," Mutegi alisema.

"Nitakula."

"Lini?"

"Siku nitakayopewa."

"Nani akupe? Mimi ndiye ninayekupa." Alimpelekea hindi la kuchoma mpaka mdomoni, la moto, lenye kunukia. Kathure aligeuza uso. Mutegi alikaa chini kando yake, akalila mwenyewe polepole, punje kwa punje, kama mtu anayelipia kosa.

Jumapili yenye Misa, Mutegi alikuwa zizini akikamua. Kengele ilipolia kanisani, magoti yake yalikunjika, akaangukia samadi, na ndoo ya maziwa ikapinduka. Ng'ombe naye, aliyekuwa amelishwa mabua, alipiga magoti ya mbele. Mbuzi alipiga magoti akiendelea kutafuna. Nelius, aliyekuwa amepewa mahindi kwa ajili ya ile habari na ujirani, alipiga magoti katikati ya maombi ya kanisa lake, na mchungaji wake akadhani ametolewa pepo.

"Maziwa yote," Mutegi alimwambia Kathure aliporudi. "Ungenitahadharisha. Sasa itabidi nikamue kabla ya Misa."

"Uliumia?"

"Goti. Nimepiga magoti mbele ya ng'ombe, mimi, mtu mzima." Alikwangua samadi kwenye goti. "Nilihisi kama kuna mtu amekuja nyuma yangu. Mwenye uzito. Nikaogopa kugeuka."

"Ndiye huyo," Kathure alisema. "Nami huogopa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kuzungumza juu ya Mungu bila kugombana, na Kathure alilala usiku huo akiwaza kwamba labda jambo hili lote limekuja kwa ajili yake. Labda padre akijua, atasema: mwanamke huyu amekaa na Bwana nyuma ya jiko lake muda wote huu, nani tena wa kumzuia? Wazo hilo lilimtia wasiwasi kuliko njaa. Mtu mwenye njaa hulala. Mwenye tumaini hageuki upande hata mmoja akastarehe.

Padre Gachoki alipokuja tena, Kathure alimngoja pale anapoegesha pikipiki.

"Padre, mahindi yangu yanapiga magoti."

Padre alikuwa akivua glavu. "Kwenye mageuzo?"

"Kengele ikilia."

"Na kwenye Injili?"

"Yanabaki yamesimama."

"Basi yanafuata liturujia," alisema Padre Gachoki, na uso wake ukatulia. "Nilihofu ni uchawi. Yametoka wapi?"

Kathure alimweleza yote: bomba, beseni, pembe ya kaiyaba, Mutegi na mbegu zake. Padre alienda naye mpaka nyuma ya jiko. Alivua kofia. Kathure aliona vinyweleo vya mkono wa padre vimesimama kama vyake, akapata nguvu ya kusema.

"Tunayala, Padre. Mume wangu anakula, na hapokei. Nelius anakula, na si wetu. Mbuzi anakula."

"Na wewe?"

"Mimi sijala."

Alingoja. Padre alimtazama usoni, akatazama mifupa ya mabega, akaiona pini. Upepo ulipita kwenye majani ya mahindi yakasugua ukuta. Kathure hakuwa amewahi kungoja neno la mtu kama alivyongoja neno hilo.

"Umefanya vyema, mama," alisema Padre Gachoki. "Wao hawajui. Asiyejua ana udhuru. Wewe unajua."

"Na njaa, Padre?"

"Tutaiombea mvua." Alivaa kofia. "Kesi yenu nitaiulizia."

Habari hazifungwi kamba. Wiki haikuisha kabla halmashauri ya kanisa kufika nyumbani kwa Mutegi, ikiongozwa na mwenyekiti wake, Naftaly, mtu mwenye koti la suti kwa kila kikao. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na karamu yake ilikuwa haijapata chakula.

"Mama Kinya," alisema Naftaly akiwa ameshika koti asichomwe na kaiyaba, "hili si shamba la mtu tena. Limelishwa na kanisa."

"Na samadi?" aliuliza Mutegi.

"Samadi italetwa nyingine."

"Na mgongo wangu, utaleta mwingine?"

"Baba Kinya, usiwe mgumu. Mgeni ni wa wote. Mbona Mungu amekuja kwako na unamfanyia choyo?"

Mutegi aliwaachia njia akarudi zizini. Walizungushia pembe ile seng'enge, wakatia lango dogo na kufuli, na ufunguo ukakaa kwenye koti la Naftaly. Wengine wote waliona ni jambo la busara. Kitu kitakatifu kisipofungiwa, walisema, watu hukizoea.

Siku ya askofu ilianza mapema. Jiko la Kathure ndilo lililokuwa karibu, na sufuria kubwa za kanisa zilipelekwa huko. Akina mama wa jumuiya walileta viazi walivyochangishana na majani ya maboga. Naftaly alifungua kufuli, akavunja mahindi mwenyewe, akayakabidhi kwa mikono miwili. Kathure aliyapukuchua, akayachemsha, akaponda pamoja na viazi na majani mpaka mukimo ukawa wa kijani na mlaini. Mvuke wake ulimpanda puani. Ilimbidi akae chini mara kadhaa.

"Mama Kinya," Naftaly alisema akichungulia mlangoni, kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu anayemkumbusha mwenzake afunge kifungo. "Usilambe mwiko."

"Sitalamba, mwenyekiti."

Nelius, aliyekuja kusaidia kumenya, alingoja Naftaly aondoke. "Sasa chumvi utaijuaje?"

"Kwa harufu."

"Chumvi haina harufu, Mama Kinya. Hata mimi wa kanisa la ngoma najua."

"Onja wewe basi."

"Mimi sasa hivi nimeng'olewa jino. Kila kitu kwangu ni damu." Nelius alimtazama, na utani ukamwisha usoni. "Dada yangu, onja. Mimi nitageuka."

Akageuka kweli, akatazama ukuta. Kathure alikuwa na mwiko mkononi. Punje moja, nyeupe, ilikuwa imenasa kwenye kidole chake cha shahada, pale kucha inapoanzia. Ingetosha kuinua mkono. Alihisi yule Mwingine amekuja chumbani, kimya, na hakujua kama amekuja kumzuia au amekuja kumngoja. Alisikiliza. Hakuambiwa kitu. Akaisukuma punje kwa kidole gumba ikarudi sufuriani, akachukua chumvi kwa kiganja, akaitupa mukimoni kwa kukisia, na moyo wake ukadunda kama wa mwizi.

"Nigeuke?" aliuliza Nelius.

"Geuka."

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Kengele ilipolia, kanisa zima lilishuka magotini, na mabua yaliyobaki nyuma ya jiko yakashuka, na ng'ombe wa Mutegi, na Mutegi mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na gunia lililokunjwa la kupigia magoti zizini. Kathure aliangalia viwiko vya askofu. "Upo," alisema. Kisha akapokea mikoba.

Karamu ilikuwa chini ya hema, mbele ya nyumba ya Mutegi, kwa kuwa hapakuwa na mteremko. Askofu alikula mukimo na nyama ya mbuzi. Aliongezwa, akala tena. "Chumvi imekaa sawasawa," alisema, na Naftaly akainamisha kichwa kama aliyeitia. Padre Gachoki alikula. Halmashauri ikala, waimarishwa wakala, wazazi wakala, na dereva wa askofu alikula akiwa amesimama kando ya gari. Mutegi alisimama penye zizi na sahani yake, mbali, lakini alikula.

Walipomaliza, Naftaly aliashiria kwamba wageni wanawishwe mikono. Msichana aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa ameenda kupiga picha. Kathure akachukua jagi la maji ya moto na beseni la plastiki na taulo begani, akatoka jikoni akiwa bado na aproni.

Alipoingia chini ya hema, magoti ya askofu yalikunjika.

Hakukuwa na kengele. Askofu alishuka kutoka kitini akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi. Padre Gachoki alishuka. Naftaly alishuka, koti na yote. Halmashauri, wazazi, watoto wenye mashati meupe, dereva kando ya gari, wote walishuka kwenye nyasi kwa pamoja, na viti vya plastiki vikaanguka nyuma yao. Penye zizi Mutegi alikuwa magotini, na nyuma yake ng'ombe. Nelius alikuwa magotini mlangoni mwa jiko, akilishika shavu lake. Hema likawa kimya kiasi cha kusikika maji yakichezacheza ndani ya jagi.

Kathure peke yake ndiye aliyekuwa amesimama. Aligeuka haraka aone ni nani aliyeingia nyuma yake. Hakukuwa na mtu, ila njia ya jikoni na moshi. Mwili ulimsisimka wote. Alitaka naye apige magoti, lakini mikono ilikuwa imejaa, na hakujua aelekee wapi.

"Inukeni," alisema mwishowe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema. "Maji yatapoa."

Wakainuka. Walipangusa nyasi, wakarudisha viti. Padre Gachoki alimtuma katekista mbio kanisani kuangalia kama tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia hostia, iliachwa wazi. Akarudi kusema imefungwa. Ikadhaniwa kwamba kengele ya shule ya jirani huenda ililia, ingawa ilikuwa Jumapili. Lilikuwa jambo la kawaida kwa sasa, na halikuchukua muda.

Askofu alikuwa bado anamtazama Kathure. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya uchovu. "Huyu mama ni nani?"

"Ni mfuaji wetu wa vitambaa vya altare, baba askofu," alisema Naftaly. "Mtu mzuri sana. Hapokei. Kuna kesi."

"Iko wapi?"

"Iko kwako, baba askofu."

"Aa," alisema askofu. Akafikiri kidogo. "Hizo huchukua muda."

Akanyoosha mikono. Kathure alimimina maji polepole, akiyazuia yasimrukie kwenye pete, na askofu alisugua mafuta ya nyama kwenye vidole kimoja kimoja. Kisha akajipangusa kwa taulo lililokuwa begani mwa Kathure, akamshukuru, na mazungumzo ya mezani yakahamia kwenye paa la kanisa. Naftaly alimwinamia Kathure, akamnong'oneza kwamba siku nyingine ni heri jagi likabidhiwe kupitia dirishani, wageni wasisumbuliwe.

"Sawa, mwenyekiti," alisema Kathure, akasogea kwa mgeni aliyefuata, pini ya sketi ikimchoma ubavuni kila alipoinama.